Kigamboni au Mbezi Luis kwa anayehamia Dar es Salaam

Mtu anayehamia Dar es Salaam na ofisi yake iko Posta, katikati ya jiji, ataona Kigamboni iko karibu zaidi, kwa kuwa kivuko cha Magogoni huvusha watu kwa dakika chache. Lakini foleni ya asubuhi, watu wamebanana wakisubiri geti lifunguliwe, humaliza faida hiyo, na wenye magari wanaopita Daraja la Nyerere badala ya kivuko, lililofunguliwa mwaka 2016, hulipa tozo. Mbezi Luis iko mbali, ila ina Stendi ya Magufuli kwa safari za mikoani. Mwenye watoto wadogo namshauri Kigamboni kwa upepo wake wa bahari, mradi kabla ya kulipa kodi aonje maji ya kisima cha nyumba hiyo, maana visima vingine vina chumvi.