Mbolea ya Bustani Ndani ya Tangi la Samaki: Ipi Ununue, na kwa Nini Uanze na Ganda

Mwezi Machi nilinunua nusu kilo ya mbolea ya bustani, ile ya punje za mviringo zinazoachia virutubisho polepole, katika duka moja la pembejeo mjini Kampala. Ilikuwa imechotwa kutoka gunia lililofunguliwa na kutiwa katika mfuko wa plastiki usio na jina wala tarehe. Niliifukia chini ya changarawe ya tangi langu la samaki la lita 90 ili kulisha mimea ya majini iliyomo, na asubuhi ya siku ya tatu nikawakuta samaki wangu aina ya gapi wakihema juu ya maji, huku maganda matupu yakielea kandokando ya kioo kama makapi ya ulezi. Kipimo cha amonia, ambacho hubaki njano maji yakiwa salama, kiligeuka kijani kilichokolea. Nilibadilisha nusu ya maji mara mbili siku hiyo, na bado nikapoteza samaki wanne.

Tangu hapo sishughuliki sana na namba za nitrojeni, fosforasi na potasiamu ambazo kila mtu huziuliza kwanza. Kwa tangi la mimea, jambo la kukagua kabla ya yote ni ganda la punje. Punje hizi ni chumvi za mbolea zilizovikwa utando mwembamba, na katika aina bora utando huo ni resini itokanayo na mafuta ya mimea. Maji hupenya ndani, huyeyusha chumvi, kisha mchanganyiko huo huvuja kidogo kidogo kwa kasi inayotegemea zaidi joto. Ganda likiwa na ufa, chumvi yote hutoka kwa muda mfupi, na sehemu kubwa ya nitrojeni yake huwa katika umbo la amonia, ambayo huzidi kuwa sumu kwa samaki kadiri pH (kipimo cha asidi na alkali) na joto la maji vinavyopanda. Gunia lililoburutwa, likakaliwa, kisha likachotwa kwa kopo la bati, haliwezi kukosa punje zilizopasuka.

Njia ya kupima ni rahisi. Tia punje 20 katika glasi ya maji na uziache hadi kesho yake: nzima zitakuwa zimevimba na kulainika, na ukiiminya moja itatoa maji, ilhali zilizopasuka zitakuwa maganda matupu ya kuelea. Katika mfuko wangu nilihesabu saba mbovu.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni mbolea ya punje iitwayo Osmocote Plus, ya namba 15-9-12, ikiwa ndani ya chombo chake cha asili kilichofungwa. Ina chuma, manganizi na virutubisho vingine vidogo, ikiwemo shaba kidogo, kwa hiyo anayefuga uduvi aitumie kwa uangalifu mkubwa. Muda wa kuachia virutubisho ulioandikwa kwenye chombo hupimwa kwa nyuzi 21 za Selsiasi, na tangi langu hukaa kwenye 25 bila kifaa cha kupasha joto, kwa hiyo ile ya miezi mitano hadi sita mimi huihesabu kuwa ya minne.

La pili ni vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya matangi, mfano Seachem Flourish Tabs. Ni salama, lakini nitrojeni yake ni kidogo mno, hivyo vinafaa pale ambapo samaki ni wengi na kinyesi chao kinaziba pengo hilo. Bei yake hunikera, kwa kuwa nalipia zaidi safari ya ndege kuliko mbolea yenyewe. Urea iliyovikwa ganda haina kingine ila nitrojeni, nami siinunui. CAN, DAP na NPK za kawaida, yaani mbolea za shambani zisizovikwa ganda, ni za bei nafuu na huyeyuka mara moja, ziache shambani.

Punje kumi huzitia katika kapsuli tupu ya jelatini, kisha naisukuma kwa kibano angalau sentimita tano chini ya changarawe, karibu na mizizi ya Cryptocoryne, Vallisneria au yungiyungi. Mmea wa Anubias uliofungwa kwenye jiwe hauhitaji. Ukiung'oa mmea baadaye, ung'oe taratibu huku mpira wa kunyonyea maji ukiwa tayari, kwa maana punje zikipanda juu hulisha mwani badala ya mizizi.

Nilirudi dukani kumuuliza muuzaji tarehe ya lile gunia, naye akanijibu kwa upole, «Mama, mbolea haiozi.» Ni kweli haiozi. Ila nilipopiga hesabu, kilo ya mbolea ile ya kuchotwa ilikuwa imenigharimu zaidi ya kilo iliyo katika chombo chake, kilichokuwa kimepangwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wake.