Presha kuka ya umeme ya lita 6, baada ya miezi minane

Nimekulia Kisarawe, upande wa msitu wa Kazimzumbwi, na mkaa nimeujua kabla haujaingia kwenye gunia. Babu mdogo alikuwa mchomaji. Anapanga magogo, anayafunika kwa nyasi na udongo, kisha analala porini siku kadhaa akiziba nyufa, maana hewa ikipenya tu kazi yote inageuka majivu. Tanuri likifunguliwa, rundo lililonizidi kimo limebaki magunia ya kuhesabu. Tanuri la kienyeji linakula kuni kilo 6 hadi 10 kutoa kilo moja ya mkaa. Miaka yote niliyopika maharage saa tatu hapa Dar, rundo lile lilikuwa linanijia kichwani.

Presha kuka hii niliinunua Kariakoo kwa Sh 165,000, ya wati 1,000. Nyumbani wakasema italamba LUKU yote. Basi Jumamosi moja nikazima friji, nikasoma mita, nikatia nusu kilo ya maharage ya njano yaliyolala kwenye maji, nikaweka dakika 35. Nilipofungua, punje zilikuwa zinapondeka kwa vidole viwili. Mita ilikuwa imekula uniti 0.38. Kwa bei ya Sh 356 kwa uniti tunayolipa, hiyo ni kama Sh 135. Kwa mkaa, sufuria hiyohiyo ilikuwa inanimalizia makopo mawili, na kopo mtaani kwetu ni Sh 1,000.

Inawezekanaje? Mvuke umefungiwa ndani, kwa hiyo maji yanapita digrii 100 ndipo yachemke, na chombo kikishashika presha kinawaka kwa vipindi vifupi tu. Makongoro saa moja. Kande dakika 50. Nimeacha kununua gunia. Nanunua kopo la mkaa wa chapati tu, maana chapati haiwezi, na ugali pia nasonga kwenye gesi.

Umeme wenyewe nao una gharama yake kwa dunia, sitaki kudanganya mtu. Sehemu ni gesi asilia ya Songosongo na Mtwara, sehemu ni maji, likiwemo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115. Lakini maji hayo yanashuka kutoka milima yenye misitu, na msitu ukiisha kwa tanuri, mto nao unajaa mchanga. Mimi nachagua kuubakiza mti.

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Kiache chombo kimefungwa hivyohivyo, joto la ndani litaendelea kuivisha kwa muda mzuri tu.

Sasa kilichoniudhi. Mpira wa mfuniko unanyonya harufu: ukipika utumbo leo, wali wa kesho unanukia utumbo. Nauchemsha kwa maji ya ndimu, inapungua. Mwezi wa sita tangu ninunue, mpira ukalegea, mvuke ukawa unatoka pembeni na presha haishiki. Nikarudi dukani. Kijana akaniambia, "Dada, spea hatuna, chukua nyingine mpya." Nyingine mpya! Chombo kizima, waya, sufuria ya ndani isiyo na hata mkwaruzo, vyote viende jalalani kwa sababu ya mpira wa sentimita 22? Niliumia kuliko nilivyoumia kwa pesa. Hatuwezi kuokoa miti huku tunajaza dampo la Pugu Kinyamwezi mabati na plastiki.

Nilizunguka siku mbili. Fundi mmoja wa vyombo vya umeme alikuwa na mpira wa aina nyingine, akaupima kwa kuuzungushia mfuniko wangu, ukakaa sawasawa. Sh 8,000. Hadi leo presha inashika.

Nyota nne kwa chombo, moja kwa duka. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuwekee mpira wa akiba mezani uuone kwa macho. Kama hana, vuka barabara, maduka ni mengi.