Nyumba ya Alphonse Desjardins, Lévis: ushirika uliolelewa nyumbani

Ukivuka mto Saint-Laurent kwa feri kutoka mji wa Québec nchini Kanada, safari isiyozidi robo saa, kisha ukapanda mlima hadi mtaa wa Mont-Marie katika mji mkongwe wa Lévis, utafika kwenye nyumba ya miaka ya 1880 ambamo Alphonse Desjardins aliishi na mkewe Dorimène na watoto wao. Humo pia ndimo kilimofanyia kazi, katika miaka yake ya mwanzo, chama alichokianzisha, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha akiba na mikopo katika Amerika Kaskazini. Leo nyumba hiyo ni makumbusho na kiingilio ni bure. Nilikwenda kwa sababu ya nyumbani kwetu: marehemu baba yangu alikuwa mhazini wa SACCOS ya walimu, yaani chama chao cha kuweka na kukopa, kwa miaka mingi, na daftari la michango lilikaa juu ya meza tuliyolia chakula. Nilitaka kuiona meza ya mtu mwingine aliyeishi hivyo.

Makumbusho haya ni ya familia kwanza, na ya fedha baadaye, na kwangu hilo ndilo jambo linaloyapa thamani. Vyumba vimepangwa kama vilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo mgeni anaingia kwenye makazi ya watu kabla hajaingia kwenye historia ya chama chao. Desjardins alizaliwa mjini humo tarehe 5 Novemba 1854, mtoto wa nane kati ya 15 wa nyumba isiyokuwa na uwezo, na mwaka 1879 akamwoa Dorimène Roy, ambaye alimzalia watoto kumi. Mtu aliyekulia kwenye nyumba kama hiyo, kisha akawa na familia kubwa ya kulisha kwa mshahara, hakuhitaji kitabu ili ajue maana ya kuishiwa fedha kabla mwezi haujaisha.

Mshahara wenyewe aliupata mbali. Tangu mwaka 1892 hadi 1917 alikuwa mwandishi wa hatimkato wa bunge la shirikisho huko Ottawa, akinukuu hotuba za Kifaransa, na kwa hiyo kila bunge lilipokutana aliiacha familia yake kwa miezi kadhaa. Ni katika kazi hiyo ya kusikiliza na kuandika maneno ya wengine ndipo alipopata jambo la maisha yake. Mwezi Aprili 1897 mbunge mmoja, Michael Quinn, alieleza mbele ya bunge habari za mtu wa Montréal aliyekopa dola 150 na kujikuta ameamriwa kulipa riba ya dola 5,000. Wengi walisikia hotuba hiyo siku hiyo, lakini karani huyu hakuweza kuisahau. Alianza kusoma habari za benki za watu wa kawaida zilizokuwapo Ulaya, akawaandikia waliozianzisha na waliozichunguza, na kwa karibu miaka mitatu akapima ni lipi lingefaa kwao Lévis na lipi lisingefaa.

Chama kiliundwa tarehe 6 Desemba 1900. Makusanyo ya kwanza yalifanywa tarehe 23 Januari 1901: mchango wa kwanza ulikuwa senti 10, na fedha zote za siku hiyo zilifika dola 26 na senti 40. Nilisimama muda mrefu nikizitafakari tarakimu hizi, kwa kuwa yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya daftari la kikundi anaijua siku ya namna hiyo, siku ambayo fedha ni chache kiasi kwamba unamfahamu kwa jina kila aliyezileta. Hisa moja iliwekwa dola 5 na iliweza kulipwa kidogo kidogo. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na mkopo ulitolewa kwa mtu ambaye majirani zake wanajua kwamba ni mwaminifu na mchapakazi. Msomaji mwenye kitabu cha SACCOS mkononi ataitambua misingi hii mara moja, ingawa sisi tumeiongezea wadhamini na kanuni ya kukopa hadi mara tatu ya akiba.

Sehemu iliyonigusa zaidi inahusu miaka kati ya 1901 na 1906. Wakati huo hapakuwa na sheria iliyokitambua chama cha aina hii, na maana yake ni kwamba kama fedha zingepotea, dhima ingemwangukia Desjardins mwenyewe, pamoja na nyumba hii hii anayoizunguka mgeni leo. Baba wa familia kubwa alikuwa ameweka paa la familia yake chini ya akiba za majirani. Na kwa kuwa yeye alikuwa Ottawa sehemu kubwa ya mwaka, aliyebaki kupokea fedha, kuandika hesabu na kujibu maswali ya wanachama alikuwa Dorimène, huku analea. Hakuwa na cheo rasmi kinacholingana na kazi hiyo. Historia nyingi za ushirika humtaja kwa sentensi moja kama mke msaidizi, na mimi nasema hilo halitoshi: bila yeye, chama kingefungwa kila mumewe alipopanda treni. Jina la nyumba ni la mwanamume peke yake, na laiti ningekuwa na sauti katika jambo hili, ningeomba liandikwe la wote wawili.

Sheria ya jimbo la Québec ilipatikana mwaka 1906. Ile ya nchi nzima, ambayo Desjardins aliitafuta kwa bidii, ilipita katika bunge la wawakilishi mwaka 1908 ikaangushwa na Seneti kwa tofauti ya kura moja. Mwaka huo huo alialikwa Manchester, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, akawasaidia Wakanada wenye asili ya Kifaransa waliokuwa wakiishi huko kuanzisha chama chao, kinachotambuliwa kuwa cha kwanza nchini humo. Alizunguka parokia kwa parokia, akitumia likizo zake, na hakuwa akilipwa kwa kazi hiyo. Miaka ya mwisho ugonjwa ulimfunga nyumbani, na binti yake Albertine akawa katibu wake, akimsaidia kuziandika barua ambazo viongozi wa vyama vipya walizisubiri. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1920. Dorimène aliendelea kuombwa ushauri na viongozi wa vyama hadi alipofariki mwaka 1932, na chombo kilichotokana na juhudi zao leo ndicho ushirika mkubwa kuliko wote wa fedha katika Amerika Kaskazini, makao yake yakiwa bado Lévis.

Kwa anayetaka kwenda, nashauri yafuatayo. Saa moja au saa moja na nusu inatosha. Hakikisha saa za kufunguliwa kabla ya safari, hasa nje ya majira ya kiangazi, na vaa viatu vya kupandia mlima, kwa maana feri inakushusha chini kabisa, ukingoni mwa mto. Asiyependa habari za fedha bado atafurahia kuona jinsi familia ya kawaida ilivyoishi wakati huo. Lakini ninayemlenga zaidi ni mjumbe wa bodi ya SACCOS, au karani wa kikundi cha kuweka na kukopa, atakayepita Québec kwa masomo au mkutano: kwake ziara hii ina faida kubwa kuliko semina nyingi, maana ataona kwa macho yake ukubwa wa chumba ambamo jambo hili lilianza. Angalizo langu ni moja tu: asitegemee maelezo marefu ya kitaalamu kuhusu riba, akiba na usimamizi wa mikopo. Hayo ayasome kabla, kisha hapa aje kuwaona watu.

Jioni, nikisubiri feri ya kurudi, nilimpigia simu mama. Nilimuuliza ni miaka mingapi alikuwa akihesabu michango ya walimu pale mezani, siku ambazo baba alikuwa kazini au safarini wilayani. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba ilikuwa miaka 11, na kwamba nilikuwa mtu wa kwanza kumuuliza.