Kipima klorini cha vyumba viwili: nyota nne kati ya tano, ila sifuri yake ichunguze

Kipindupindu kikiingia mtaani, visima hutiwa dawa na maboza hutiwa dawa. Je, ndoo iliyoko jikoni ina kinga? Hiki kikasha cha plastiki, chumba kimoja cha klorini na kingine cha pH (kiwango cha asidi au ubesi wa maji), kinajibu papo hapo, bila betri.

Kisuuze mara tatu kwa maji unayopima, jaza mpaka alama ya mililita 10. Chumba cha klorini tia kidonge cha DPD namba 1, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa pinki, cha pili kidonge cha fenoli-redi, cha kupimia pH. Kisukume kidonge moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake, usikishike. Funika, pindua-pindua kiyeyuke, usome rangi mara moja. Ukichelewa, rangi hukolea na kukupa klorini ya uongo. Maji yaliyotoka kutiwa dawa yasubiri dakika 30.

Wakati wa mlipuko, boza linapojazwa lisome miligramu 2 kwa lita, bomba la mtaa 1. Nyumbani isishuke chini ya 0.2. pH ikizidi 8 klorini hulegea, na maji ya tope huila kabla haijafanya kazi: chuja kwanza.

Nyota iliyopungua ni ya sifuri ya uongo. Klorini ikizidi mno, hasa kisima kilichotoka kumwagiwa HTH (klorini kali ya unga), pinki hutokea kidogo kisha hufutika, maji yakabaki meupe kana kwamba hayana kitu. Mtu akiamini, anaongeza dawa juu ya dawa! Kwa hiyo changanya sehemu moja ya maji hayo na tisa za maji yasiyo na klorini, pima upya, zidisha kwa 10.

Andika kila kipimo pamoja na nyumba na chanzo cha maji. Bomba likiwa na 1 na madumu ya majirani yakasoma sifuri, kasoro iko kwenye madumu au muda wa kuhifadhi. Bomba lenyewe likisoma sifuri, anzia huko, ukilinganisha na orodha ya wagonjwa. Vijidudu vyenyewe kikasha hiki hakivioni, sampuli ya kinyesi bado ni ya maabara.

Dukani, dai vidonge vya kuyeyuka haraka. Vile vya fotomita (mashine ya kusoma rangi) vinafanana navyo lakini havimumunyuki mpaka uvisage. Nunua pakiti za akiba za DPD, maana huisha mapema, na kilichobadilika rangi kwa unyevu kitupe.