Redio ya jikoni yenye saa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Katika nyumba nyingi redio husikilizwa zaidi jikoni kuliko sebuleni. Mikono imejaa unga, macho yako kwenye sufuria, kilichobaki huru ni masikio. Kwa hiyo usiichague kwa kuangalia ukubwa wa spika. Sauti ya mtangazaji isikike wazi huku mafuta yakichemka, saa isomeke ukiwa umesimama kwenye sinki, na umeme ukikatika isinyamaze katikati ya taarifa ya habari. Nimezipanga kwa vigezo hivyo, kwanza kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, na wale walioko ughaibuni nitawafikia.

Nafasi ya kwanza naipa redio ndogo ya kubeba inayotumia umeme wa ukutani na pia betri za kawaida, AA au zile kubwa za D, yenye kitufe cha kuzungusha cha sauti na kingine cha kutafutia stesheni. Kitufe cha kuzungusha unakigusa kwa kiwiko au kwa vidole viwili vyenye maji, bila kuangalia. Vitufe vya kugusa kwenye kioo havielewani na mikono yenye mafuta. Redio ya namna hii kwa kawaida haina saa, na mimi sioni kasoro hapo. Nunua saa ya ukutani ya betri moja, itundike juu ya mlango, na uachane na kutafuta kifaa kimoja kifanye yote. Kuhusu bili usihofu: redio ya wati 5 ikiwaka saa tano kila siku, mwezi mzima haimalizi uniti moja ya umeme.

Ya pili ni redio ya kuchaji, zile zilizojaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi, zenye sehemu ya flashi, memori kadi na Bluetooth, nyingine na kipande cha sola mgongoni. Kwa bei yake zinatoa mengi. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha nyuma uangalie betri. Ikiwa ni BL-5C, ile bapa iliyokuwa kwenye simu za Nokia, chukua, maana ikichoka utapata nyingine kwa fundi simu yeyote. Ikiwa betri imelehemewa ndani na huwezi kuitoa, siku itakapokufa huenda redio nzima ikaenda nayo. Sola ndogo ya mgongoni isikuvutie sana, kwani jikoni hakuna jua. Tena Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, jirani kabisa na yale ya maikrowevu, hivyo muziki kukatakata wakati chakula kinapashwa ni jambo la kutarajia.

Sasa ile inayotamaniwa na wengi waliojenga majiko ya kisasa: redio yenye saa inayofungwa chini ya kabati la juu. Naiweka ya tatu, ingawa kwa sura ndiyo nzuri kuliko zote. Haichukui nafasi kwenye kaunta, maji hayaifikii kirahisi, na namba za saa zinawaka usawa wa macho. Soko lake kubwa ni Marekani, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mashine ya huko imetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Tanzania au Kenya, inaungua. Ndugu atakwambia weka transfoma ya kushusha umeme. Transfoma itashusha volti, lakini haigusi mapigo ya umeme, ambayo Marekani ni 60 kwa sekunde na kwetu ni 50. Saa nyingi za aina hii, hasa za zamani, huhesabu mapigo hayo ili kujua muda. Zikiletwa huku, kila saa nzima inayopita zenyewe zinahesabu dakika 50 tu. Kufikia kesho yake wakati huohuo saa imebaki nyuma saa nne kamili, na kwa kawaida hakuna kitufe cha kurekebisha mwendo huo. Kama inaongozwa na kristali ya kwatzi, yaani kipande kidogo chenye mapigo yake chenyewe kisichotegemea ya umeme wa ukutani, itakwenda sawa.

Ukipata iliyotengenezwa kwa volti 220 hadi 240, uliza jambo moja: ina betri ya akiba ya kutunza saa? Isiyo nayo, kila umeme ukikatika unarudi kuikuta 12:00 inapepesa, na utaichoka upesi. Ukiifunga, kaa mbali na usawa wa jiko, kwa sababu mvuke wa mafuta huganda kwenye matundu ya spika na sauti ikafifia. Pima pia unene wa ubao wa chini wa kabati kabla ya kununua skrubu. Waya wa antena usiukunje nyuma ya mashine. Unyooshe ukingoni mwa kabati kuelekea dirishani, hasa ikiwa nyumba imeezekwa mabati.

Kwa anayeishi Marekani penyewe, mpangilio huu unageuka: redio ya chini ya kabati naiweka ya kwanza, maana volti na mapigo vinalingana. Aliyeko Uingereza achague yenye DAB, yaani redio ya kidijitali, pamoja na FM, ila akirudi nyumbani ni FM pekee itakayomfaa.

Ya nne ni mtumba kutoka Japani. Uimara wake siubishii. Lakini FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio za zamani huishia 90, wakati stesheni zetu zinaenda hadi 108. Aliyewahi kuagiza gari kutoka huko anaijua shida hii. Volti zake nazo ni 100. Nunua tu ikiwa umeiwasha mbele ya muuzaji na kuusogeza mshale mpaka stesheni yako ya kila siku.

Simu naiweka ya mwisho. Nyingi mpya hazina FM, na zenye nayo hudai waya wa spika za masikioni uwe antena. Ukisikiliza kwa intaneti kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula karibu megabaiti 58 za bando. Isitoshe, simu iliyoegemezwa kando ya sinki ina hatari zake.

Redio yoyote unayoichagua, usiijaribu mlangoni mwa duka ambako mawimbi yanaingia bila kizuizi. Omba uipeleke ndani kabisa, punguza sauti hadi nusu, tafuta kipindi cha mazungumzo na usikilize maneno, si muziki. Maneno yakisikika yamezibwa hapo, jikoni yatapotea kabisa.