Pima tumbo kwanza: kutoka hachibaki kali kwenda sedani ya mbio ya zamani

Nilibadilisha gari Jumamosi moja saa nne asubuhi. Kufika saa kumi jioni gari jipya lilikuwa limekwama mlangoni kwangu Muyenga, Kampala: magurudumu ya mbele yako ndani ya ua, ya nyuma bado yako ng'ambo ya mtaro, na tumbo limekalia ukingo wa zege. Askari wa geti aliinama akachungulia, akanyanyuka akijipangusa magoti, akasema, "Pole, mama." Halafu akaenda kuita vijana wa boda waje kusukuma.

Nililotoa lilikuwa hachibaki ya Kijerumani yenye turbo, fupi na kali kama pilipili kichaa. Kwa miaka mitatu iliingia geti hilohilo na kitu pekee ilichogusa ni bampa ya mbele, ambayo nilishazoea kuisikia. Nililochukua ni sedani ndefu ya Kijapani, V6, viti vya ngozi. Jina lake nitalihifadhi kwa sababu kosa lilikuwa langu na la aliyeniuzia. (Wauzaji wa Nakawa wanasema saluni. Kwangu saluni ni pale ninaposukwa nywele, kwa hiyo humu nitasema sedani.)

Sasa kuna dada wa Jinja mwenye hachibaki ya Golf GTI ameniuliza kama aiuze achukue sedani ya Toyota Mark X. Huyo ni wa tatu kuniuliza, na wote watatu waliniandikia kuhusu nguvu za farasi, unywaji wa mafuta na rangi. Hakuna aliyeuliza kuhusu tumbo.

Oili, kilometa, alama za ajali, viyoyozi: hayo sitayagusa. Kila mjomba mwenye simu anayajua, na yule asiyeyajua atakufundisha hata hujamuuliza.

Pua na tumbo ni vitu viwili

Mtu akinunua gari la chini hapa kwetu huangalia pua. Anapiga goti mbele ya bampa, anaweka kiganja, anasema hii itapita. Pua ikigusa ni plastiki, na plastiki inapinda, inakwaruzwa, unaendelea na safari. Tumbo ni habari nyingine. Katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna bomba la ekzosi, katalisti ya kusafisha moshi, flanji za kuungia bomba na boliti zake, na kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kuna shafti ndefu inayopita humohumo. Hivyo ni chuma, na chuma hakisamehe.

Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ndio unaoamua. Golf ya kizazi cha sita ina milimita 2,578. Suzuki Swift Sport ya umbo la ZC32S ina 2,430 tu. Mark X ina 2,850. Yaani ukitoka kwenye Golf kuingia Mark X umeongeza sentimita 27 za tumbo lisilo na gurudumu la kulibeba, na hakuna tangazo hata moja la gari litakalokuambia hivyo.

Kwenye tuta jembamba la barabarani urefu huo hausumbui sana. Tuta likiwa katikati na magurudumu yote manne yako chini, kinachohesabiwa ni kimo cha gari peke yake. Balaa liko kwenye kilele. Kampala tumejenga juu ya vilima na kila nyumba ina mtaro mbele yake, na juu ya mtaro kuna kidaraja cha zege ambacho fundi wa ujenzi alikipandisha kadiri alivyojisikia siku hiyo. Unapanda, unafika juu, mbele inaanza kushuka na nyuma bado inapanda. Hapo gari refu linakaa kama ubao wa bembea. Vituo vya mafuta vina vilele hivyohivyo, pale lami inapoishia na zege linapoanzia, na maegesho ya chini ya majumba ya mjini yanavyo vikali zaidi.

Kisha ongeza watu. Gari likiwa tupu kwenye bondi, ule uwanja wa kuuzia magari yaliyoingizwa kutoka nje, linasimama kama jogoo. Mtie mama yako mbele, shangazi wawili nyuma, mkungu wa matoke kwenye buti, halafu liangalie tena. Springi za gari la miaka kumi na kitu zimeshachoka, na sedani hubeba mzigo wake nyuma. Baba alikuwa mwanajeshi, nimekulia kambini, na kambini hakuna aliyejali gari linakimbia vipi. Waliuliza swali moja: likijaa watu, linapita?

Mimi nilipima baada ya kununua, ambayo ni sawa na kupima homa baada ya mazishi. Nikiwa na watu wanne ndani, sehemu ya chini kabisa katikati ya magurudumu ilikuwa sentimita 9 kutoka ardhini. Bomba la ekzosi lilikuwa limepasuka kwenye kiungo chake cha kunyumbuka. Fundi wa Katwe alilichomelea vizuri kwa shilingi 350,000, akanishauri niweke raba za kuinulia juu ya springi. Nilikataa, na wewe kataa. Raba hizo zinapandisha bodi, lakini ekseli zinabaki zikifanya kazi kwa pembe ambayo hazikuundiwa, mipira inayofunika viungo vyake inachanika, grisi inamwagika. Na gari ulilolinunua kwa sababu linashika kona linaanza kuyumba kama matatu. Tairi nene nazo zinasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani: ukiongeza kimo cha tairi zima kwa sentimita 2, tumbo linapanda sentimita 1 tu, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli.

Basi nenda bondini na futi ya fundi cherehani na marafiki watatu wanene. Waingie. Wewe lala chini, tandika gazeti, pima mahali pa chini kabisa kati ya magurudumu. Chini ya sentimita 12, mimi siku hizi naondoka. Ukiwa bado umelala, angalia flanji za ekzosi: chuma kinachong'aa kwa kukwaruzwa upande mmoja ni ushahidi ambao hakuna muuzaji anayekumbuka kuupaka rangi.

Sedani ninazozipendekeza, nafasi ya kwanza: Subaru Legacy B4

Ndiyo, mimi ni mtu wa Subaru na sitajificha. Gari la kwanza nililowahi kuendesha lilikuwa Subaru, na ule mlio wake wa kugugumia bado unanitoa dirishani likipita. Lakini nina sababu zaidi ya mlio.

Ya zamani, umbo la BL5, ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2009. Ekseli zake zimeachana milimita 2,670, fupi kuliko sedani nyingi za daraja lake. Ile ya 2.0GT ya otomatiki ina nguvu za farasi 260. Ya rafiki yangu wa Ntinda tuliipima tukiwa wanne ndani: sentimita 13. Tukaileta Muyenga, ikaingia getini kwangu bila kugusa, na askari wangu akapiga makofi. Magurudumu manne yanasukuma yote, jambo ambalo utalishukuru siku ya kwanza mvua itakapokukuta kwenye murramu nyekundu.

Iliyoifuata, BM9, ni ya 2009 hadi 2014. Ya 2.5GT ina farasi 285, na ekseli zimeachana 2,750. Ndani ni pana, wazazi wanakaa vizuri, na ndiyo ningemshauri dada wa Jinja achukue. Kuanzia 2012 kuna 2.0GT DIT yenye farasi 300, ila hiyo ina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, na mimi na CVT hatujawahi kuelewana.

Hasara zake nitazisema kwa sababu mafundi watakuambia hata hivyo. Injini za EJ, zilizomo kwenye BL5 na BM9 ya 2.5GT, zina mkanda wa taiming unaopaswa kubadilishwa kwenye kilometa 100,000. Usiamini stika iliyobandikwa kwa Kijapani, badilisha tu. Zinakunywa petroli bila aibu. Oili iangaliwe mara kwa mara, kwa sababu turbo iliyokosa oili haikupi onyo la pili. Spea zake kwenye soko la Kisekka zipo, ila umjue mtu.

Ya pili: Toyota Mark X

Hili ndilo watu wengi watanunua hata nikisema nini. Ni tamu, tulivu, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na mafundi wanaijua. Kizazi cha pili kilianza 2009 kikaenda mpaka 2019, kwa hiyo ni rahisi kupata la umri unaoruhusiwa.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni tofauti ya injini. Ya 2.5, 4GR-FSE, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali hazioshwi na mafuta na masizi hujijenga juu yake. Gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama kwenye foleni ya Jinja Road na wewe unadhani ni plagi. Ya 3.5, 2GR-FSE, ina njia zote mbili za kupuliza, kwa hiyo haisumbuki sana kwa hilo, na ina farasi 318. Ukiwa unatafuta gari la mbio, hiyo ndiyo Mark X. Hiyo nyingine ni gari la harusi.

Ila tumbo! Milimita 2,850. Kama geti lako ni kama langu, usinunue mpaka ulipeleke pale.

Ya tatu: Toyota Altezza RS200

Farasi 210 bila turbo kwa gia za mkono, ekseli 2,670 kama BL5. Ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa kuukuu. Uzalishaji uliisha 2005, na tangu sheria ya mwaka 2018 gari lililofikisha miaka 15 haliruhusiwi kuingia Uganda. Inahesabiwa tangu kutengenezwa, na hapo wengi huumia, kwa sababu wanaangalia mwaka wa kusajiliwa Japani. Kwa hiyo Altezza, kama ilivyo kwa BL5, utaipata kwa mtu aliyekwisha kuisajili hapahapa, na huyo mtu mara nyingi ni kijana aliyekata springi. Springi iliyokatwa, ondoka. Usipime hata.

Wajerumani

BMW E90 na Mercedes C ya W204 zote zina 2,760. E90 ya 325i ni raha kuiendesha, lakini ilitoka kiwandani na tairi za kukimbia zikiwa hazina upepo, haina spea tairi, na hilo utalijua vizuri usiku mbele ya Karuma. Pampu yake ya maji ni ya umeme na hufa bila kuaga. W204 zenye injini ya M271, sikiliza mnyororo wa taiming asubuhi injini ikiwa baridi: ukisikia inakwaruza sekunde za kwanza, mwache mwenye nayo aendelee nayo.

Bei nafuu

Mitsubishi Galant Fortis, Toyota Premio iliyofungwa spoila. Zitakufikisha. Hukuja hapa kwa ajili ya kufika.

Sasa kuhusu bondi

Nimeomba mara tano, kwenye bondi tano, gari lipandishwe juu nilitazame tumbo. Mara nne nimekataliwa. "Nyabo, hili halijagusa chini, limetoka Japani juzi." Japani lilikuwa na tumbo pia, ndugu yangu. Aliyeniuzia mimi alikubali nizungushe gari ndani ya uwanja wake, tambarare kama meza, akaniuliza kama nimeona linavyoteleza. Niliona. Lingeteleza hata bila ekzosi.

Halafu bei. Unaambiwa milioni fulani, unafurahi, unapiga simu nyumbani. Ukirudi na pesa unaambiwa hiyo ilikuwa kabla ya kodi. Hapo kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6, na ushuru wa mazingira unaouma zaidi gari likiwa kuukuu, yaani hasa magari tunayoyazungumzia hapa. Uliza swali moja kabla hujakaa: "Bei hii ni mpaka namba iwe kwenye bampa?" Akianza kucheka, simama.

Dada wa Jinja

Kama safari zako ni Jinja hadi Kampala kila wiki, na kule kwako geti liko sawa na barabara, badilisha. Ukipita msitu wa Mabira na wazee nyuma, Legacy inatulia barabarani kwa namna ambayo hachibaki haiwezi, na ukiilipia shilingi 5,000 kwenye ile barabara mpya ya kulipia ya Entebbe utaendesha kwa kilometa 100 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria pale, huku unaongea kwa sauti ya kawaida. Lakini kama unapanda kwenda nyumbani na kuna kidaraja cha mtaro, baki na Golf yako, badilisha bushi na shokapu, na ile pesa nyingine iache benki.

Mimi bado nina lile refu. Naliingiza getini kimshazari, gurudumu moja moja, askari akiwa ametangulia mbele anainama na kunionyesha kwa kidole: kushoto, kushoto kidogo, simama. Jumapili iliyopita alileta mbao mbili.