Betri ya Sola Nyanda za Juu Kusini: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe

Mtu anayehamia kijiji cha Makete au Ludewa ambako nguzo za umeme hazijafika huanza kwa kuulizia bei ya paneli, ilhali huku kwetu kinachoiacha nyumba gizani mara nyingi ni betri. Baridi haiidhuru paneli. Tena paneli isiyo na joto huzalisha vizuri zaidi. Shida ni ukungu na mvua za masika, ambazo huweza kulificha jua siku mbili mfululizo, nyumba ikabaki inategemea akiba tu.

Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu. Taa 4 za wati 5 zikiwaka kwa saa 5 hula wati-saa 100. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa 4 hula 160. Simu na redio tuzikadirie 40. Hizo ni 300 kwa siku, nawe unahitaji akiba ya 600 kwa siku mbili.

Nafasi ya kwanza naipa betri ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma. Betri ya madini ya risasi (aina tatu zinazofuata hapa chini zote ni za risasi) ya volti 12 na Ah 100, yaani ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri, ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usivuke nusu yake. Lithiamu huvumilia kutumiwa asilimia 80, hivyo ya volti 12.8 na Ah 60 tu inatosha kwa hesabu yetu. Ni nyepesi pia, jambo ambalo aliyewahi kupakia betri kwenye bodaboda kupanda milima ya Makete hatalidharau. Masharti yake ni mawili: kontrola, kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli, iwe na mpangilio wa lithiamu, na betri isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Pande za Kitulo, ambako sakitu huanguka Juni na Julai, iwekwe ndani ya nyumba, kamwe si kwenye kibanda cha nje, na uchague yenye kinga inayokata chaji kwenye baridi kali.

Ya pili ni betri kavu ya jeli. Haihitaji kuongezwa maji na bei ya kuanzia ni nafuu, ila ikiachwa tupu kwa majuma, sahani zake hushika chumvi ngumu na haitarudia nguvu yake.

Ya tatu ni betri ya maji iliyotengenezwa kwa sola. Inamfaa mwenye subira ya kukagua maji na kuongeza maji maalumu ya betri (distilled water), wala si asidi. Hutoa hewa inayoweza kulipuka inapochajiwa, kwa hiyo isikae chumbani wala karibu na jiko la kuni.

Betri ya gari naiweka mwisho, na kwa kweli nakusihi usiinunue. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kumulika usiku kucha. Yangu ya kwanza haikumaliza mwaka, na fedha ile ningeiongezea kidogo ningepata ya jeli.

Ukifika dukani, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Njombe mjini, inyanyue betri. Ya risasi ya Ah 100 huwa na kilo 25 hadi 30. Ukiambiwa ni ya risasi ya Ah 100 nayo ina kilo 12, irudishe juu ya meza. Kisha soma tarehe ya kutengenezwa, maana betri ya risasi huchakaa hata ikiwa rafuni, na dai risiti yenye muda wa dhamana ulioandikwa.